Bolti za Injini Ndogo ya Turbo Iliyoongezwa Nguvu: Mwongozo Kamili wa Kuchagua na Kufunga

Ukiongeza presha ya turbo kwenye injini ya lita 1.3 au 1.4, swali linalokuja haraka ni seti ipi ya bolti ndiyo ngumu kuliko zote. Kabla ya hilo kuna swali jingine: ni nguvu gani hasa umeiongeza ndani ya injini? Inaweza kuwa presha inayosukuma pistoni, kasi ya mizunguko, toki (nguvu ya kuzungusha) inayopita kwenye flaiwili, au joto la ekzosi. Kila moja huangukia bolti zake. Kuna watu wanaonunua bolti za bei mbaya za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krankishafti) huku kinachokaribia kuachia ni gasketi ya hedi. Wapo pia waliofunga hedi kwa bolti bora kabisa, kisha wakapandisha limita ya mizunguko na konrodi ikatokea ubavuni mwa bloki.

Kwa hiyo tutaanza na nguvu, ndipo tuje kwenye chuma, kisha kufunga. Sehemu ya kufunga usiiruke. Bolti nzuri iliyofungwa ovyo ni hatari kuliko ya kiwandani iliyofungwa kwa utaratibu wake.

Bolti hubana kwa kurefuka

Bolti ya injini ni springi ngumu sana. Unapoikaza inarefuka kwa sehemu ndogo ya milimita, na kule kutaka kurudi kwenye urefu wake ndiko kunakobana hedi juu ya bloki, au kifuniko cha konrodi juu ya beringi. Nguvu hiyo tuiite mbano. Maadamu mbano unazidi nguvu inayotaka kutenganisha vipande viwili, bolti yenyewe haihisi mabadiliko makubwa injini inapofanya kazi. Mbano ukizidiwa, vipande hufunguka kidogo na kufunga tena katika kila mzunguko, bolti inavutwa na kuachiwa maelfu ya mara kwa dakika, na chuma huchoka hadi kukatika. Ndiyo maana bolti iliyokazwa pungufu hukatika mapema, hata kama chuma chake ni cha hali ya juu.

Vyuma vyote vya bolti vina ukakamavu unaokaribiana, takriban GPa 200 hadi 210. Maana yake ni kwamba bolti ya bei mbaya haibani zaidi kwa kuwa tu ni ya bei mbaya. Kinachoongezeka ni kiasi unachoweza kuivuta kabla haijavuka kikomo cha kurudi kwenye urefu wake. Ukiikaza kwa mbano uleule wa bolti ya zamani, umepata akiba ya kutokatika, lakini hedi imebanwa vilevile kama jana. Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea.

Hatua ya kwanza: itambue nguvu uliyoiongeza

Tuanze na presha. Chukua mfano wa injini ya Toyota 4E-FTE, ile ya Starlet ya turbo: cc 1,331, kipenyo cha silinda mm 74, mwendo wa pistoni mm 77.4. Eneo la silinda moja ni milimita za mraba 4,301 hivi. Presha ya mwako ikifika bar 100, hedi inasukumwa juu kwa kN 43, karibu tani 4.4, na hiyo ni silinda moja tu. Ukiongeza busti (presha ya turbo) hadi presha ya mwako ikafika bar 130, nguvu hiyo inakuwa kN 56, karibu tani 5.7. Mzigo wote huo unabebwa na bolti za hedi. Tena haitoshi mbano kulingana na mzigo; lazima ibaki ziada ya kuigandamiza gasketi, la sivyo moto utapenya kwenye njia ya maji.

Injini ikinoki, yaani mchanganyiko wa hewa na mafuta ukalipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, presha hupanda ghafla kupita kiasi hicho. Hakuna bolti inayotibu kunoki. Hedi ikibanwa kwa nguvu kubwa sana huku injini inaendelea kunoki, kitakachopasuka ni pistoni badala ya gasketi, na gasketi ndiyo rahisi kubadilisha. Rekebisha kwanza mapu ya kompyuta ya injini, ubora wa mafuta na ubaridi wa hewa inayoingia, ndipo uzungumzie bolti.

Kasi ya mizunguko ina tabia tofauti kabisa. Presha ya mwako huisukuma konrodi chini na kuigandamiza, na bolti zake hazivutwi na tendo hilo. Kinachozivuta ni pistoni inapofika juu kabisa mwishoni mwa mpigo wa kutoa moshi. Pale hakuna presha ya kuipokea, na konrodi inalazimika kuisimamisha na kuirudisha chini. Nguvu hiyo hupanda kwa kipeo cha pili cha kasi. Katika injini hiyohiyo, tukichukua pistoni na vyote vinavyokwenda nayo kuwa na uzito wa kilo 0.6, makadirio ni kN 12 kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, kN 16 kwa 7,000 na kN 21 kwa 8,000. Kutoka 6,000 hadi 8,000 kasi imeongezeka kwa theluthi, lakini mzigo kwenye bolti umeongezeka kwa asilimia 78 hivi.

Kanuni inayotoka hapo naiamini kuliko orodha yoyote ya bidhaa: ukiongeza busti bila kugusa limita, fedha ya kwanza iende kwenye hedi, ukipandisha limita, iende kwenye bolti za konrodi. Na konrodi ikipinda kwa sababu ya busti ya chini chini, pale turbo inapojaa mapema na mizunguko bado midogo, tatizo ni mwili wa konrodi wenyewe. Bolti mpya hazitauimarisha.

Toki ikiongezeka, bolti za flaiwili na za kifuniko cha klachi ndizo zinazosumbuka. Joto likiongezeka, ni stadi (bolti zisizo na kichwa) za manifoldi na za turbo. Tutazifikia.

Hatua ya pili: soma daraja la chuma

Bolti za kipimo cha mita huandikwa namba mbili kichwani, kama 8.8, 10.9 au 12.9. Namba ya kwanza ukiizidisha kwa 100 inakupa nguvu ya kukatika kwa MPa (nyutoni kwa kila milimita ya mraba), na ya pili inakueleza ni sehemu gani ya nguvu hiyo ambapo bolti huanza kurefuka bila kurudi. Kwa hiyo 10.9 hukatika kwenye MPa 1,000 hivi na kikomo chake ni MPa 900; 12.9 ni MPa 1,200 na 1,080. Bolti nyingi za hedi na konrodi za kiwandani ziko kwenye daraja la 10.9 au karibu yake.

Juu ya hapo tunaingia kwenye vyuma vya mashindano. Mtengenezaji anayejulikana zaidi ni ARP wa Marekani, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1968, na majina yake ya vyuma yamekuwa lugha ya kawaida ya mafundi. Chuma cha 8740, mchanganyiko wa chuma na kromu na molibdeni, kina nguvu ya MPa 1,300 hivi. ARP2000 inafika MPa 1,500. L19 na Custom Age 625+ zinafika MPa 1,800 hivi.

Kwa gari dogo la barabarani, 8740 kwenye hedi inatosha kwa miradi mingi, na ARP2000 inatosha karibu yote iliyobaki. L19 sikushauri. Ni chuma kikali lakini hakivumilii unyevu: kikiguswa na maji au hata jasho la mikono, haidrojeni huingia ndani yake na bolti inaweza kukatika yenyewe siku kadhaa baadaye, gari likiwa limesimama. Kinahitaji kupakwa oili wakati wote na kushikwa kwa glavu. Custom Age 625+ haina udhaifu huo kwa sababu haishiki kutu, lakini bei yake huifanya iwe na maana kwenye injini ya mashindano tu.

Haidrojeni inahusu pia bolti za kawaida za 12.9. Zikipakwa zinki kwa umeme bila kuchomwa vizuri baadaye, huweza kuwa na udhaifu uleule. Bolti ya 12.9 inayong'aa kama fedha, isiyojulikana imetoka wapi, isikaribie ndani ya injini. Ile nyeusi yenye oili kutoka kwa mtengenezaji anayeandika jina lake kichwani ni afadhali mara nyingi.

Tuone tofauti kwa namba. Bolti ya M10, yaani ya kipenyo cha mm 10, yenye meno yaliyoachana kwa mm 1.25 ina eneo la kubeba mzigo la milimita za mraba 61.2. Ya daraja la 10.9, ikikazwa hadi asilimia 75 ya mzigo wake wa majaribio wa MPa 830, inatoa mbano wa kN 38. Yenye chuma cha ARP2000, ikikazwa hadi asilimia 75 ya kikomo cha MPa 1,380 hivi, inatoa kN 63. Injini ya silinda nne yenye bolti kumi za hedi inapata tofauti ya kN 250, karibu tani 25. Faida ni kubwa, lakini ina gharama yake: tani hizo zote zinakwenda kubana hedi ya alumini na kuvuta meno ya bloki.

Hatua ya tatu: bolti au stadi

Stadi ni bolti isiyo na kichwa. Upande mmoja unaingia kwenye bloki na kukaa hapo, na upande wa juu unafungwa kwa nati. Bolti ya kawaida inapokazwa huvutwa na kusokotwa kwa wakati mmoja, na meno yake yanasugua meno ya bloki huku yamebeba mzigo. Stadi inakaa imetulia, nati ndiyo inayozunguka, kwa hiyo chuma kinavutwa kwa mstari ulionyooka na mbano unakuwa sahihi zaidi. Upande wa nati una meno madogo, ambayo hukaza kwa upole. Upande wa bloki una meno makubwa, yanayoshika vizuri kwenye alumini au chuma cha kalibu. Bloki haichakai hata ukifungua hedi mara nyingi.

Kasoro yake ni nafasi. Hedi lazima iinuliwe juu kupita urefu wote wa stadi kabla ya kutoka. Kwenye gari dogo, ambako injini imebanwa kati ya ukuta wa moto na bonneti, mara nyingine utalazimika kutoa injini nzima au kuzungusha stadi nje moja moja. Pima nafasi hiyo kabla hujanunua. Kama haipo na gari unalitumia kila siku, bolti nzuri zenye kichwa ni uamuzi wa busara.

Hatua ya nne: hedi

Injini nyingi ndogo za kisasa hutoka kiwandani na bolti za kukazwa hadi kikomo. Utazitambua kwa maelekezo yake: toki ndogo ya kuanzia, labda Nm 40, kisha nyuzi 90, kisha nyuzi 90 nyingine. Bolti hizi huvutwa hadi zianze kurefuka moja kwa moja, na mbano wake unalingana sana kutoka bolti moja hadi nyingine. Ni za kutumika mara moja, isipokuwa pale mtengenezaji wa gari anapotoa kipimo cha urefu wa kuziruhusu tena. Watu huzidharau bila sababu. Kwa busti iliyoongezwa kidogo, seti mpya ya kiwandani na gasketi ya tabaka za chuma kwenye uso ulionyooka inatosha, na ningeweka akiba ya fedha kwa ajili ya ubaridi wa hewa.

Ukiamua kupanda juu, angalia mambo haya kwenye seti unayoitaka. Urefu wa meno yanayoingia kwenye bloki: kwenye chuma cha kalibu yafikie mara 1.5 ya kipenyo cha bolti, kwenye alumini mara 2. M10 kwenye bloki ya alumini inahitaji mm 20 za meno mazima. Kama meno ya bloki yamekwisha kulika, weka kwanza vikuku vya chuma vya kurudishia meno, la sivyo bolti kali itatoka na alumini yote. Shina lililopunguzwa unene katikati ni sifa njema na si ubahili wa chuma. Bolti ya namna hiyo hurefuka zaidi kwa mbano uleule, kwa hiyo gasketi ikilala kidogo baada ya kupashwa moto, haipotezi mbano mwingi.

Halafu kuna joto. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Hedi yenye unene wa mm 100 ikipanda kwa nyuzi 80 za Selsiasi, inataka kukua kwa mm 0.09 zaidi ya bolti inayoibana. Mbano hupanda injini ikipata moto na kushuka ikipoa. Injini ikichemka kupita kiasi, bolti huvutwa kupita ulivyokusudia, na hedi laini huweza kubonyea chini ya washa. Ndiyo sababu seti nzuri huja na washa nene zilizotiwa ugumu. Usizibadilishe na za dukani za kawaida, na upande wa tundu uliokatwa kona utazame kichwa cha bolti, ambako kuna mviringo unaohitaji nafasi.

Mbano mkubwa pia hupotosha silinda kidogo. Kama unajenga injini upya na kuhoni silinda (kuisugua ndani kwa mawe ya kusawazisha), karakana ifunge sahani nene ya kuiga hedi, kwa bolti zilezile na toki ileile utakayotumia, ndipo wahoni. Silinda iliyohoniwa ikiwa wazi haitakuwa duara tena hedi ikikazwa.

Hatua ya tano: konrodi

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Gasketi ikiachia unaona moshi mweupe na maji yanapungua. Bolti ya konrodi ikikatika, kwa kawaida injini imekwisha.

Kama limita iko palepale ya kiwandani na konrodi ni za kiwandani, bolti mpya za kiwandani zinatosha. Kama unapandisha limita, nenda kwenye ARP2000 au inayolingana nayo, na kama pia unaongeza busti nyingi nunua konrodi za chuma cha kufuliwa zinazokuja na bolti zake. Kuingiza bolti kali kwenye konrodi za zamani bila kazi nyingine ni kosa linaloonekana mara kwa mara. Mbano mpya hubadilisha umbo la tundu kubwa la konrodi, na tundu lisilo duara huua beringi. Lazima karakana ikaze bolti mpya, ipime tundu, na ilichonge upya likihitaji.

Chagua bolti ambazo meno yake yamefinyangwa kwa kuviringishwa baada ya chuma kutiwa ugumu. Meno ya kukatwa hukata mkondo wa chuma na kuacha pembe kali ambako ufa huanzia. Hili halionekani kwa macho, kwa hiyo soma maelezo ya mtengenezaji, na asipolitaja kabisa nenda kwa mwingine.

Kukaza bolti za konrodi kwa toki pekee ni njia ya mwisho. Njia bora ni kupima urefu. Geji maalumu hushika ncha mbili za bolti, unaandika urefu wake ikiwa huru, kisha unaikaza hadi irefuke kwa kiasi kilichotajwa kwenye karatasi ya seti. Mara nyingi ni kati ya mm 0.13 na 0.17, lakini kila bolti ina namba yake. Andika urefu wa kila bolti ikiwa huru kabla hujaifunga, pamoja na silinda yake na upande wake. Siku ukiifungua, ipime tena. Ikiwa imebaki ndefu kwa mm 0.025 kuliko ilivyokuwa mpya, itupe, hata kama inaonekana nzima.

Beringi kuu, flaiwili na klachi

Bolti za beringi kuu kwenye injini ndogo yenye krankishafti fupi huwa hazisumbui hadi nguvu ikaribie maradufu ya kiwandani. Ukizibadilisha, mstari wa matundu ya beringi upimwe na kuhoniwa ikibidi, kwa sababu ileile ya konrodi.

Bolti za flaiwili ni chache na fupi, na turbo huleta toki kubwa ghafla. Zinachofanya ni kubana flaiwili kwenye krankishafti kiasi cha msuguano wa nyuso hizo kubeba toki yote. Bolti zikianza kubeba kwa kukatwa ubavuni, mambo yamekwisha haribika. Nyuso ziwe kavu kabisa, bila tone la oili. Nunua mpya kila unapofungua. Kama matundu yanapenya hadi ndani ya krankikesi, paka silanti kwenye meno, vinginevyo oili itafika kwenye klachi.

Turbo na manifoldi

Moshi unaoingia kwenye turbo ya injini ya petroli huweza kupita nyuzi 900 za Selsiasi. Hapa ugumu wa 12.9 hauna faida. Ugumu huo hutokana na kuchomwa na kupozwa, na chuma kikikaribia nyuzi 400 hivi huanza kuupoteza. Bolti hulegea, gasketi huvuja, na joto linalovuja huzidi kuila bolti.

Kinachotakiwa ni chuma kinachostahimili moto. A286, chuma cha pua chenye nikeli nyingi, ni chaguo zuri, na hutanuka kwa kiwango kinachokaribiana na manifoldi ya chuma cha pua. Inconel 718 ni bora zaidi na ghali zaidi. Mahali pake ni stadi zinazoshika turbo kwenye manifoldi, ambako uzito, mtikisiko na moto hukutana. Nati ziwe za kujifunga zilizotengenezwa kwa chuma kitupu. Nati zenye nailoni zitayeyuka siku ya kwanza. Washa za kabari zinazokaa mbili mbili husaidia sana dhidi ya mtikisiko. Paka meno grisi ya nikeli ya kuzuia kung'ang'ania. Na turbo iwe na mhimili wake wa kuibeba, maana stadi za M8 hazikuundwa kuning'iniza turbo kubwa.

Kununua bila kudanganywa

Bolti bandia zipo, hasa za majina makubwa. Muhuri wa mtengenezaji uwe umechapwa wazi kichwani au kwenye ncha, meno yawe laini bila mikwaruzo ya kukatwa, na karatasi ya toki iwemo ikitaja kilainishi kinachotakiwa. Pima bolti zote kwa maikromita: kipenyo cha shina na urefu wake vilingane kutoka moja hadi nyingine. Bei iliyo nusu ya bei ya kila mahali inatosha kukufanya uondoke. Linganisha pia namba ya injini yako na ya seti. Injini za familia moja hutofautiana urefu wa bolti, na bolti iliyogonga chini ya tundu hutoa toki sahihi kwenye renchi huku haijabana chochote.

Kufunga

Safisha matundu ya bloki kwa kifaa cha kusafishia meno, si tapu ya kukata. Tapu huondoa chuma na kuacha meno yaliyolegea. Puliza kwa hewa, futa, puliza tena. Oili au maji yakibaki kwenye tundu lisilopenya, bolti huyagandamiza kama jeki na bloki hupasuka. Matundu yanayofika kwenye njia ya maji yahitaji silanti kwenye meno ya chini.

Uso wa hedi na wa bloki upimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila (bapa nyembamba za kupimia nafasi). Kwa gasketi ya tabaka za chuma, mimi huanza kuwa na wasiwasi nafasi ikipita mm 0.05.

Stadi huingizwa kwa mkono, hadi ziguse, basi. Usizikaze kwenye bloki isipokuwa karatasi yake imesema hivyo.

Sasa kilainishi. Sehemu kubwa ya toki unayoweka hupotea kwenye msuguano wa meno na wa chini ya kichwa. Asilimia 10 hivi tu ndiyo inayovuta bolti. Badiliko dogo la msuguano ni badiliko kubwa la mbano. Bolti ya M10 iliyokazwa kwa Nm 70 ikiwa kavu, mgawo wa toki (namba ya K inayojumlisha msuguano wote, si mgawo wa msuguano wenyewe) ukiwa 0.20, inatoa mbano wa kN 35. Kwa Nm 70 zilezile na kilainishi kinachoshusha mgawo hadi 0.12, mbano ni kN 58. Renchi imesoma namba ileile. Kwa hiyo toki na kilainishi havitenganishwi: tumia kile kilichokuja na seti, pamoja na namba iliyoandikiwa kilainishi hicho. Kipake kwenye meno, chini ya nati au kichwa, na juu ya washa. Upande wa chini wa washa ubaki mkavu ili washa isizunguke.

Hedi hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua tatu zinazolingana, ukifuata mpangilio wa kitabu cha injini. Vuta renchi polepole kwa mwendo mmoja hadi ilie. Ukisimama katikati, msuguano wa kuanza tena utakudanganya. Kama seti inatumia oili ya kawaida badala ya kilainishi maalumu, kaza, legeza na kaza tena mara kadhaa kabla ya mkazo wa mwisho, kwa sababu msuguano hubadilika katika mikazo ya kwanza. Renchi iwe imepimwa usahihi wake karibuni, na namba unayotaka isiwe kwenye sehemu ya chini kabisa ya kipimo chake.

Gundi ya kuzuia kulegea usiiweke kwenye bolti za hedi wala za konrodi. Mbano sahihi ndio unaozishika.

Baada ya kuwasha

Washa injini, iache ifike joto la kawaida, kisha izime na ipoe kabisa hadi kesho yake. Kama gasketi au seti inataka kukazwa upya, legeza nati moja kwa robo mzunguko, irudishe kwenye toki kamili, ndipo uende kwa inayofuata, kwa mpangilio uleule. Gasketi nyingi za tabaka za chuma hazihitaji hili, na bolti za kukazwa hadi kikomo haziguswi tena kabisa.

Stadi za turbo na manifoldi zikague baada ya safari chache za kwanza, injini ikiwa baridi, na tena kila unapobadilisha oili. Hedi ichunguze kwa presha ya mfumo wa maji: bomba la juu la rejeta likiwa gumu kama jiwe asubuhi injini ikiwa bado baridi, gesi inapenya kwenye gasketi. Hapo rudisha busti ya kiwandani hadi hedi ifunguliwe.